Tusimlinde kwa Kumnyamazisha: Kuzuia Ukatili Dhidi ya Wanawake Wenye Ulemavu wa Akili

Mhadhara kwa walimu, mahakimu, maafisa ustawi wa jamii na wazazi, Tanga

Ndugu Mwenyekiti, waheshimiwa mahakimu na mawakili, maafisa wa Dawati la Jinsia na Watoto la polisi, maafisa ustawi wa jamii, walimu wa vitengo vya elimu maalumu, masheikh, mapadri na wachungaji wetu, wazazi wenzangu, na ninyi dada zetu mnaoishi na ulemavu wa akili: leo nasema nanyi.

Nitasema juu ya jambo ambalo kwa kawaida husemwa kwa kunong'ona, jikoni au msibani, halafu likaishia hapo hapo. Kazi yangu imekuwa ustawi wa jamii, na humo nimekutana na mabinti waliobakwa, waliotiwa mimba, waliopigwa, hata kunyang'anywa vijisenti vyao vya kuuza maandazi, na mashauri yao hayakufika popote. Sikuja kuwaliza. Nimekuja kuwashawishi juu ya jambo moja, na nalitaja mapema ili anayetaka kunipinga ajiandae: namna tuliyoizoea ya kumlinda mwanamke mwenye ulemavu wa akili, yaani kumfungia ndani, kumzoeza utii na kumficha habari za mwili wake mwenyewe, ndiyo inayomrahisishia mkosaji kazi yake. Kinga inayofanya kazi ni kumpa maarifa, kumpa maneno ya kusemea, kumpa watu wa kuwaendea, na kuwa na polisi na mahakama zinazojua kumsikiliza.

Kabla sijaingia kwenye hoja, tuelewane ninamzungumzia nani. Ulemavu wa akili ni ugumu wa kujifunza, wa kukumbuka na wa kupima mambo, ulioanza utotoni na unaodumu. Mwingine amezaliwa nao, kama mwenye sindromu ya Down. Mwingine alichelewa kulia alipozaliwa kwa kukosa hewa. Mwingine alipona malaria kali ya kichwani au homa ya uti wa mgongo, lakini akabaki nyuma. Si ugonjwa wa akili, ingawa mtu mmoja anaweza kuwa na yote mawili. Wengi wao ulemavu wao si mkubwa: wanafua, wanapika, wanachota maji, wanajua njia ya sokoni na bei ya nyanya. Wachache wanahitaji kusaidiwa kula na kuoga. Ninayoyasema leo yanawahusu wote, kila mmoja kwa kiasi chake.

Na ukubwa wa tatizo? Mwaka 2012 jarida la tiba la The Lancet lilichapisha uchambuzi wa tafiti nyingi, uliofanywa kwa kushirikiana na Shirika la Afya Duniani. Ulionyesha kwamba mtoto mwenye ulemavu wa akili au tatizo la afya ya akili ana uwezekano mara 4.6 zaidi wa kufanyiwa ukatili wa kingono kuliko mwenzake asiye na ulemavu. Mwaka 2018 redio ya umma ya Marekani, NPR, ilitangaza takwimu kutoka wizara ya sheria ya nchi hiyo: watu wenye ulemavu wa akili hushambuliwa kingono mara 7 zaidi ya wasio na ulemavu. Mnaona kwamba hesabu hizi zinatoka kwenye nchi tajiri, zenye simu za dharura na wapelelezi wa kutosha. Sioni sababu ya kudhani kwamba kwetu hali ni nafuu.

Hoja ya kwanza: mkosaji ana ufunguo

Waswahili tulikwisha kusema, kikulacho ki nguoni mwako. Tafiti za nchi mbalimbali zinakubaliana kwamba mara nyingi anayemdhulumu mwanamke mwenye ulemavu wa akili ni mtu anayemfahamu: ndugu, baba wa kambo, jirani, mpangaji wa chumba cha uani, dereva wa bodaboda anayempeleka shule, mtu aliyepewa kazi ya kumtunza. Mgeni aliyejificha kichakani yupo, lakini ni nadra.

Sasa angalieni tunavyomlinda. Mama anadamka alfajiri kwenda gulioni. Binti ana miaka 19, hawezi kuachwa azurure, kwa hiyo mlango unafungwa kwa nje. Lakini moto ukitokea je? Mama ni mwenye akili, amelifikiria hilo, akampa jirani ufunguo. Jirani ni mtu wa heshima, mtu mzima, anaswali. Mtaa mzima unajua kwamba mama huyo anarudi saa kumi jioni, unajua binti yuko peke yake, na unajua nani ana ufunguo. Simshutumu huyu mama hata kidogo. Hana msaidizi, hana kituo cha kumwacha binti mchana, baba wa mtoto aliondoka siku aliyoambiwa mtoto ana tatizo. Ninachosema ni kwamba mlango ule unamzuia binti kutoka, na haumzuii mtu kuingia. Humtenga pia na wote ambao wangeweza kuona amebadilika: mwalimu, shoga zake, mama ntilie wa kona, mama wa kwaya.

Ndiyo maana binti anayeonekana hadharani yuko salama kuliko aliyefichwa. Binti anayefahamika kwa jina lake sokoni, ambaye akikosekana siku mbili watu wanauliza, ana macho mengi ya kumwangalia. Mkosaji huchagua yule ambaye hakuna atakayemuulizia.

Hoja ya pili: tumemfundisha kutii kila mtu

Hapa naomba mnivumilie nikae kidogo, kwa kuwa naona ndiyo kiini cha yote.

Mtoto asiye na ulemavu tunamfundisha adabu, halafu maisha yenyewe yanamfundisha kubisha. Anagombana na wenzake, anakataa uji, anatoroka kwenda kucheza, anachapwa, anarudia. Akifika miaka 15 ameshajifunza kusema sitaki kwa namna mia moja. Mtoto mwenye ulemavu wa akili tunamfundisha adabu ile ile, lakini hapati nafasi ya kubisha hata siku moja. Anaambiwa kaa, anakaa. Anaambiwa inuka, anainuka. Anavalishwa nguo iliyochaguliwa na mwingine, anakula kilichopakuliwa na mwingine. Mgeni akija anaambiwa: msalimie anko, mpe mkono anko, kaa na anko. Tunamsifu sana kwa utulivu wake. Tunasema, huyu mtoto hana shida, ukimwambia kitu anafanya.

Ndugu zangu, siku anko atakapomwambia vua nguo, atatumia somo gani kukataa, ikiwa hatujawahi kumpa hilo somo?

Wako wataalamu wanaofundisha kujilinda kwa nyimbo, picha na maigizo, na nawaunga mkono. Lakini somo la kwanza la kujilinda halihitaji picha wala mtaalamu, linahitaji kikombe cha chai. Muulize binti: unataka chai au uji? Akisema uji, mpe uji. Asipotaka vyote viwili, kubali. Asubuhi nyingine muulize: gauni la bluu au la njano? Mgeni akija, muulize anataka kumpa mkono au atamsalimu kwa mdomo, na akikataa kumpa mkono usimkaripie mbele ya mgeni. Mambo haya yanaonekana madogo, na najua wapo wazee watakaosema tunaharibu adabu. Nawaheshimu, na ninawaomba wafikirie jambo hili: mtu ambaye hajawahi kuona neno lake la kukataa likiheshimiwa mezani, atawezaje kuamini kwamba litaheshimiwa gizani? Adabu ya kumwamkia mkubwa ibaki. Utii wa mwili kwa kila mkubwa uondoke.

Nakumbuka kipindi kimoja cha kitengo cha elimu maalumu nilichokaa nyuma ya darasa kukitazama. Mwalimu alitandika karatasi mbili za manila sakafuni, msichana mmoja akalala juu yake, wenzake wakamchora kumzunguka kwa kalamu ya rangi. Alipoinuka, umbo lake likabaki pale sakafuni, nao wakacheka sana. Kisha mwalimu akachukua kanga, akaifunika ile picha kuanzia kifuani hadi mapajani. Akasema, sehemu zilizo chini ya kanga ni zako. Akauliza, nani anaruhusiwa kuzigusa? Mmoja akasema, mimi. Mwingine akasema, mama akiniogesha. Mwingine, nesi, mama akiwa yupo. Msichana mmoja aliyekuwa kimya muda wote akauliza: na anko akininunulia soda? Mwalimu akapiga magoti mbele yake, akamjibu polepole: hata akikununulia soda. Akamwambia arudie. Akarudia. Wiki iliyofuata somo lilikuwa lile lile, na iliyofuata pia, kwa sababu wanafunzi hawa hujifunza kwa kurudia, na kwa kutenda zaidi kuliko kusikiliza.

Walimu mlio hapa mnajua kwamba swali la soda halikutoka hewani. Mwalimu yule alilifuatilia baada ya kipindi, kama inavyotakiwa. Mimi ninachotaka mkione ni hiki: swali lile lisingeulizwa kamwe kama kanga isingetandikwa.

Hoja ya tatu: ukimya kuhusu mwili

Wazazi wengi wameniambia kwamba wakimweleza binti habari za hedhi, ujauzito na kujamiiana watakuwa wamemwamsha. Wanamwona ni mtoto wa daima, asiyehitaji kujua. Lakini mwili wake haukungoja ruhusa yao. Alianza kutoka damu bila kuambiwa chochote, akadhani anakufa, na akajifunza siku ile kwamba mambo ya chini ya kanga hayasemwi. Basi linapomfika jambo lingine la chini ya kanga, nalo halisemi.

Mpeni majina. Kama nyumbani kwenu sehemu za siri zina jina la utani, sawa, ila awe na jina linaloeleweka pia na nesi, polisi na hakimu. Binti anayeweza kusema aliniwekea nini na wapi, ni hatari kubwa kwa mkosaji.

Niguse na jambo ambalo wazazi hunijia kulisema pembeni: sindano ya miezi 3. Mama anampeleka binti kliniki kuchomwa sindano ya uzazi wa mpango, akisema, angalau asinizalie. Naelewa hofu yake. Lakini tuseme kweli: sindano ile inazuia mimba, haimzuii mbakaji. Haizuii virusi vya UKIMWI wala kaswende. Na kwa binti asiyeweza kujieleza vizuri, mimba mara nyingi ndiyo huwa ushahidi wa kwanza unaoonekana; ikizuiwa, ukatili unaweza kuendelea kwa miaka bila mtu kujua. Kumfunga kizazi bila ridhaa yake ni baya zaidi. Kamati ya Umoja wa Mataifa inayosimamia Mkataba wa Haki za Watu Wenye Ulemavu ilieleza wazi mwaka 2016 kwamba kumfunga mwanamke kizazi kwa nguvu ni ukatili. Tanzania iliridhia mkataba huo mwaka 2009. Kama binti anahitaji uzazi wa mpango, aelezwe kwa lugha anayoielewa, aulizwe, na uamuzi uwe wake kwa kusaidiwa. Na mama aulizwe swali la pili: unamwogopa nani hasa? Mara nyingi jibu analo.

Hoja ya nne: siku atakaposema

Akisema, kinachofuata katika saa chache kinaamua karibu kila kitu. Nitapita haraka kwa kuwa maafisa wa Dawati watayaeleza haya vizuri zaidi mchana. Asiogeshwe. Nguo alizovaa zisifuliwe, ziwekwe kwenye bahasha ya kaki au mfuko wa karatasi. Mfuko wa nailoni huozesha ushahidi. Apelekwe hospitali mapema, kwa kuwa dawa za kuzuia maambukizi ya virusi vya UKIMWI zinatakiwa kuanza ndani ya saa 72. Fomu ya PF3 ya polisi ijazwe, na penye kituo cha Mkono kwa Mkono, ambapo daktari, polisi na ustawi wa jamii wako chini ya paa moja, aanzie hapo hapo.

Ninalotaka kulisimamia ni hili la kuyamaliza nyumbani. Mzee wa mtaa anaitwa. Familia mbili zinakaa. Inatajwa fedha, au mbuzi, au ahadi ya kumtunza mtoto atakayezaliwa. Baba au mjomba anapokea kwa niaba ya binti, na binti haitwi hata kusikiliza. Nimewahi kuambiwa kwa sauti ya upole kabisa: huyu hana mchumba wa kumkosa, tumhurumie kijana wa watu. Mheshimiwa Mwenyekiti, ubakaji ni jinai na si ugomvi wa mipaka ya shamba. Hakuna mzee, mwenyekiti wa mtaa wala kiongozi wa dini mwenye mamlaka ya kuusuluhisha. Anayesimamia kikao hicho anamsaidia mkosaji kubaki mtaani, na mkosaji aliyebaki mtaani anaujua tena ule mlango na ule ufunguo.

Na yule anayepokea habari kwanza, mara nyingi ni mama au mwalimu, nina ombi kwake. Usimuulize mara kumi. Usimwambie, una uhakika? Mwambie, nimekusikia, umefanya vizuri kuniambia. Andika maneno yake kama alivyoyasema, pamoja na siku na saa, hata kama hayajanyooka. Maneno hayo yatahitajika.

Hoja ya tano: mahakama inaweza kumsikia

Nimesikia mara nyingi, hata kutoka kwa watu wa sheria, kwamba kesi hizi hazina maana kwa kuwa shahidi hana akili timamu. Naomba mahakimu waniruhusu nipinge hilo kwa kutumia sheria yetu wenyewe.

Kifungu cha Sheria ya Ushahidi kinachohusu nani anaweza kuwa shahidi kinaanza na kanuni kwamba kila mtu anaweza kuwa shahidi, isipokuwa pale mahakama itakapoona kwamba hawezi kuelewa maswali anayoulizwa au kuyajibu kwa maana, kwa sababu ya umri mdogo, uzee uliokithiri, maradhi ya mwili au ya akili, au sababu nyingine ya namna hiyo. Sheria haikusema mwenye ulemavu wa akili asisikilizwe. Imeuliza kama anaelewa maswali. Kwa hiyo uwezo wake unategemea pia ufundi wa anayeuliza. Kifungu hicho hicho kinaruhusu, katika makosa ya kujamiiana, mtuhumiwa atiwe hatiani kwa ushahidi wa mwathirika peke yake, mahakama ikiridhika kwamba anasema kweli. Na kifungu kingine kinamruhusu asiyeweza kusema atoe ushahidi kwa maandishi au ishara. Zana tunazo zaidi ya tunavyozitumia.

Chukueni swali hili, ambalo ni la kawaida kabisa wakati wa kuhoji: "Je, si kweli kwamba siku hiyo ulikwenda kwake kwa hiari yako na wala hukupiga kelele?" Ndani yake kuna maswali matatu na ukanushi mara mbili. Binti anajibu, ndiyo. Ndiyo ya lipi? Isitoshe, watu wengi wenye ulemavu wa akili wamezoea kukubali wanachoambiwa na mkubwa ili kumridhisha. Ndilo lile somo la utii, sasa linamhukumu. Livunjeni swali: Ulikwenda nyumbani kwake? Nani alikuambia uende? Mlango ulikuwa wazi au ulifungwa? Alifanya nini? Ulisema nini? Swali moja, jambo moja, kisha subira. Usimuulize tarehe, kwa kuwa tarehe hana. Muulize kama ilikuwa siku ya gulio, kama mvua ilikuwa inanyesha, kama mama alikuwa amekwenda msibani. Nimesikia binti ambaye hakuweza kutaja mwezi akiliweka tukio mahali pake barabara kwa kutaja kitoweo walichokula usiku ule, na dada yake akathibitisha.

Wenzetu wamekwenda mbele kidogo. Kenya, katika Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya mwaka 2006, kifungu cha 31, imemtaja mtu mwenye ulemavu wa akili miongoni mwa mashahidi wanaohitaji ulinzi, na ameruhusiwa kusaidiwa na mpatanishi wa mawasiliano, yaani mtu anayepokea swali la wakili na kulifikisha kwa njia ambayo shahidi ataielewa, bila kubadilisha maana yake. Katiba yao ya mwaka 2010, ibara ya 50, nayo inamtambua msaidizi huyo. Afrika Kusini wanaye pia. Huko Cape Town, shirika la Cape Mental Health limeendesha tangu miaka ya 1990 mpango ambao mwanasaikolojia anampima mlalamikaji kabla ya kesi, anamzoesha chumba cha mahakama ajue hakimu anakaa wapi na wakili anakaa wapi, kisha anaingia mwenyewe kizimbani kuieleza mahakama jinsi mlalamikaji anavyoelewa mambo na jinsi ya kumuuliza. Hakuna katika hayo kinachohitaji fedha ambazo hatuna. Tunao walimu waliosomea elimu maalumu katika Chuo cha Ualimu Patandi na kwingineko, wanaowajua wanafunzi wao kwa miaka. Kwa nini mwalimu huyo asiitwe kortini kusaidia?

Liko jambo la adhabu pia, nalo linaniumiza. Sheria yetu ya makosa ya kujamiiana ya mwaka 1998, tuliyoizoea kwa jina la SOSPA, iliweka kwa ubakaji kifungo cha maisha, na kwa vyovyote kisichopungua miaka 30. Lakini kwa miaka mingi, katika Kanuni ya Adhabu, kimekuwepo pembeni yake kifungu cha 137, kilichorithiwa kutoka enzi za ukoloni, chenye kosa lake peke yake kwa anayelala na mwanamke mwenye ulemavu wa akili akijua hali yake, katika mazingira yasiyofikia ubakaji, na adhabu yake ni kifungo cha miaka 14. Lugha yake ya Kiingereza inamwita mwanamke huyo kwa maneno ambayo sitayatamka mbele ya dada zetu waliokaa hapa. Hatari yake ni kwamba mwendesha mashtaka mwenye haraka akiona neno "ulemavu wa akili" kwenye jalada anaweza kukimbilia kifungu hicho, hata pale ambapo binti alikataa, alilia, alishikwa kwa nguvu. Huo ni ubakaji, na ushtakiwe kama ubakaji. Mwili wake hauna thamani pungufu.

Hoja ya sita: haki ya kupenda

Wapo watakaosema, basi tupige marufuku mwanaume yeyote kumkaribia mwanamke mwenye ulemavu wa akili, tumalize. Sikubaliani. Mwanamke wa miaka 30 mwenye sindromu ya Down anaweza kupenda, kupendwa na kutaka mwenzi. Ule Mkataba wa Haki za Watu Wenye Ulemavu, katika ibara ya 12, unamtambua kuwa mtu kamili mbele ya sheria, na katika ibara ya 23 unazungumzia haki yake ya ndoa na familia. Tukisema kwamba hawezi kamwe kukubali, tumesema pia kwamba kukataa kwake hakuna uzito, kwa kuwa vyote viwili vinatoka kwenye uwezo ule ule wa kuamua. Swali la kuuliza kila mara ni kama alielewa anachoulizwa, kama alikuwa huru kusema hapana, na kama mwenzake alitumia hongo, vitisho au mamlaka juu yake. Ni swali gumu kuliko marufuku, na ndilo la haki.

Kazi iliyo mbele

Sheria ya Watu Wenye Ulemavu Na. 9 ya mwaka 2010 iliweka kamati za watu wenye ulemavu hadi ngazi ya mtaa na kijiji. Mpango wa taifa wa kutokomeza ukatili dhidi ya wanawake na watoto, MTAKUWWA, ulioanza mwaka 2017/18 na sasa uko katika awamu ya pili, nao una kamati zake hadi huko chini. Kwenye mitaa mingi niliyopita, kamati hizi mbili hazijawahi kukaa meza moja. Ya kwanza inazungumza kuhusu viti vya magurudumu na fimbo nyeupe, ya pili inazungumza kuhusu wanawake na watoto kwa jumla, na binti wa mlango uliofungwa kwa nje anaangukia katikati. Napendekeza zianze kukutana kabla ya robo ya mwaka huu kwisha, na ajenda ya kwanza iwe orodha: katika mtaa wetu ni nani wanaoishi na ulemavu wa akili, mchana wanakaa na nani, na nani anawatembelea. Orodha hiyo itunzwe na afisa ustawi wa jamii kwa siri, isibandikwe ubaoni.

Pili, halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Kina mama wanaolea mabinti hawa wasaidiwe kuunda vikundi na kuomba. Mama wanne wakishirikiana, mmoja anabaki na mabinti kwa zamu huku watatu wakienda gulioni, na hakuna haja ya ufunguo kwa jirani.

Tatu, nawaomba mahakimu na walimu wa vitengo muweke siku moja, mwezi ujao, mkutane mahakamani wakati hakuna mashauri. Walimu waje na wanafunzi wachache wakubwa, pamoja na wazazi wao. Wanafunzi waione korti, waguse kizimba, waone hakimu ni mtu. Na mahakimu wajaribu kuwauliza maswali mepesi juu ya jambo la kawaida, kama safari yao ya kuja pale, walimu wakiwaonyesha swali lipi limeeleweka na lipi halikueleweka. Nimeshazungumza na baadhi yenu na mmeniambia inawezekana.

Mwenyekiti ameniruhusu nipendekeze utaratibu wa maswali. Naomba tuanze na dada zetu wenyewe, tuliowatengea dakika 20 za mwanzo. Wengine wataongea taratibu, mwingine atahitaji mama yake arudie alichosema, na mmoja ameniambia atauliza kwa picha alizochora. Tafadhali asiwepo wa kuwamalizia sentensi. Wakishamaliza, mimi na maafisa wa Dawati tutajibu, kisha kipaza sauti kitakuja kwenu.